Biashara ya Vyombo Ziwani: Hatari Zake na Mafunzo Yake kwa Wafanyi Biashara wa Kendu Bay

Watu wengi wanaokaa kando ya Ziwa Viktoria, wakipata akiba ya fedha, hufikiri kwanza kununua chombo. Shamba hungoja mvua, na duka hungoja mteja. Lakini mashua, kama wasemavyo, huenda na kurudi, na kila safari huleta nauli. Fikira hiyo si mbaya, na wako waliofanikiwa kwayo. Lakini wako pia waliouza ng'ombe wakanunua mashua, na baada ya mwaka mmoja wakabaki bila ng'ombe wala mashua. Kwa hiyo yafaa kila mtu atakaye kutia mali yake majini ajue kwanza ni mambo gani yaletayo hasara, kwa kuwa mengi ya hayo si dhoruba wala miamba, bali ni mambo ya hesabu, ya hati, na ya kutoona mbali.

Kendu Bay ni mahali pazuri pa kujifunzia mambo hayo. Mji huu uko upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, ambayo zamani iliitwa Ghuba ya Kavirondo, na siku hizi umo katika Kaunti ya Homa Bay. Kisumu iko ng'ambo ya maji upande wa kaskazini, kama maili 20 kwa mstari ulionyoka, lakini barabara hulazimika kuzunguka kichwa chote cha ghuba kupitia Katito na Ahero. Nyuma ya mji ziko nchi za Rachuonyo, na juu zaidi iko milima ya Kisii yenye rutuba. Katika siku ambazo barabara zilikuwa za matope, mahindi, mtama, karanga na ngozi vilishuka kwenye gati la Kendu Bay, na nguo, chumvi, sukari, majembe na mafuta ya taa vilipanda kutoka hapo. Meli zilipita, Wahindi walijenga maduka, na mji ukasitawi. Baadaye meli zikapungua, kisha zikakoma. Sababu za kupanda na kushuka huko ndizo zitakazoelezwa hapa.

MELI ILIYOCHELEWA KULIKO KAMPUNI YAKE

Funzo la kwanza ni la zamani sana. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipewa hati ya Malkia ili ifanye biashara katika nchi hizi. Mkuu wake, Sir William Mackinnon, alikuwa mtu aliyeijua sana kazi ya meli, kwa kuwa utajiri wake aliupata kwa meli za Bara Hindi. Mwaka 1890 kampuni iliagiza meli ndogo kwa ajili ya Ziwa Viktoria. Meli hiyo iliundwa Uskochi, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa. Lakini reli haikuwapo bado, na vipande ilibidi vichukuliwe na wapagazi kwa mamia ya maili.

Mackinnon alikufa mwaka 1893. Mwaka 1895 kampuni yenyewe ilishindwa, na Serikali ya Kiingereza ikashika nchi. Meli, iliyoitwa William Mackinnon kwa jina lake, ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Basi kwa muda wa miaka kumi fedha za watu zililala katika vyuma ambavyo havikuchukua hata gunia moja la mzigo, na wenye kampuni hawakuiona faida yake kamwe.

Jambo hilo halikuwa la zamani tu. Mwaka 2018 gati la mafuta lilimalizika kujengwa Kisumu kwa zaidi ya shilingi bilioni moja na nusu za Kenya. Gati lilikuwa zuri, lakini meli ya kubebea mafuta na mahali pa kuyapokea upande wa Uganda havikuwa tayari. Gati likakaa bure mpaka mwisho wa mwaka 2022, ndipo meli ya kwanza ilipopakia. Gati bila meli ni mawe majini, na meli bila gati ni chuma kinachoota kutu. Mfanyi biashara mdogo hana budi kujiuliza swali lile lile: je, chombo kitakapokuwa tayari, mzigo utakuwa tayari, na mpokeaji atakuwa tayari? Kama moja la hayo halipo, fedha zitalala, na kama zilikopwa, riba haitalala pamoja nazo.

NJIA INAPOHAMA

Reli ilifika Kisumu mwisho wa mwaka 1901. Kati ya 1902 na 1907 meli za Winifred, Sybil, Clement Hill na Nyanza zilishushwa ziwani, na kabla ya Vita Kuu ya kwanza kwisha ziliongezwa nyingine, kama vile Usoga na Rusinga. Pamba ya Uganda ilipoanza kulimwa kwa wingi, karibu yote ilivuka ziwa mpaka Kisumu, ikapakiwa katika gari moshi kwenda Mombasa. Mtu ye yote aliyeitazama bandari hiyo siku zile angeweza kuapa kuwa kazi yake haitapungua milele.

Lakini reli nyingine ilikuwa ikijengwa kutoka Nakuru kupitia Eldoret. Mwaka 1931 ilivuka Mto Nile penye Jinja, ikafika Kampala. Tangu hapo sehemu kubwa ya mizigo ya Uganda haikuwa na haja ya meli, wala haikuwa na haja ya Kisumu. Ziwa halikukauka, meli hazikuharibika, na mabaharia hawakusahau kazi yao. Njia tu ndiyo iliyohama.

Kendu Bay nayo ilipatwa na jambo hilo hilo kwa njia ya barabara. Kadiri barabara za Kisii, Oyugis, Homa Bay na Katito zilivyotengenezwa, ndivyo lori lilivyoshinda meli. Si kwamba lori lilikuwa rahisi kwa kila maili; chombo cha maji huchukua tani moja kwa gharama ndogo kuliko gari. Lakini lori huchukua gunia mlangoni pa mkulima na kulishusha mlangoni pa mnunuzi. Gunia la meli lilipakiwa kwanza katika gari mpaka gatini, likashushwa, likapakiwa melini, likashushwa tena Kisumu, na kupakiwa tena katika gari. Kila linaposhushwa kuna mchukuzi wa kulipwa, kuna punje zinazomwagika, na kuna siku inayopotea. Kwa safari fupi kama ya Kendu Bay na Kisumu, gharama ya kupakia na kupakua hula faida yote ya maji. Mwenye chombo asimwogope mwenye chombo mwenzake tu. Amtazame pia yule anayemwaga lami barabarani.

Mambo ya serikali nayo huweza kuihamisha njia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na meli zilizokuwa mali ya nchi tatu zikagawanywa. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka huo huo, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Mfanyi biashara wa Kisumu aliyetegemea soko la Mwanza peke yake alikuwa hana la kufanya. Aliyekuwa na wateja wa pande nyingi alipunguza hasara. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee; na katika biashara ya vyombo yafaa kuongeza kwamba usitegemee bandari moja.

MAJI YENYEWE HUBADILIKA

Watu hudhani kuwa barabara huharibika bali maji hudumu. Ziwa Viktoria limeonyesha kwamba sivyo. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua kubwa ililipandisha kwa zaidi ya mita mbili, na mashamba, nyumba na magati mengi ya ukingoni yakafunikwa. Mwaka 2006 maji yalishuka sana, na vyombo vikakwama mahali ambapo zamani vilielea. Mwaka 2020 yalipanda tena mpaka kimo cha 1964, na watu wengi wa pwani ya Winam wakahama. Gati lililojengwa kwa kipimo cha mwaka mmoja huwa juu mno mwaka mwingine, au huzama. Ghuba ya Winam ni ya maji machache. Wastani wa kina chake hauzidi mita kumi, na karibu na ukingo ni mita chache tu. Kwa hiyo badiliko dogo, ambalo katikati ya ziwa lisingeonekana, hapa hufunga njia.

Kisha likaja gugu maji. Mmea huu, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, ulionekana katika ziwa mwisho wa miaka ya 1980, na mwaka 1998 ulifunika karibu hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Pepo huusukuma kwa makundi mpaka magatini, nao hujisokota katika rafadha za meli na kuziba mabomba ya maji ya kupozea injini. Katika miaka hiyo ya 1990 meli za abiria za Shirika la Reli la Kenya, zilizokuwa zikipita Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay, zilikoma. Wadudu walao gugu hilo waliletwa, na likapungua sana baada ya 1998, lakini halikwisha. Hurudi mara kwa mara. Abiria hawakungoja lipungue. Walikwisha zoea gari.

Hata kazi njema inayofanywa kwa ajili ya nchi kavu huweza kuwadhuru watu wa majini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tuta lilijengwa kuunganisha Mbita na kisiwa cha Rusinga. Magari yakapita, lakini mlango mdogo wa maji ukazibwa, na vyombo vilivyokuwa vikipita hapo vikalazimika kuzunguka kisiwa kizima. Baadaye, katika miaka ya 2010, daraja lilijengwa na maji yakapita tena. Katika muda ule wote kila mwenye chombo alilipia mafuta ya safari ndefu.

HESABU YA SAFARI MOJA

Sasa tutazame hesabu, kwa kuwa ndiyo iwashindayo wengi. Chukua mfano wa mashua ya mbao yenye injini, iwezayo kuchukua magunia 60. Nauli ni shilingi 150 kwa kila gunia. Ikijaa, mapato ni shilingi 9,000. Gharama za kwenda na kurudi ni petroli shilingi 4,000, ujira wa mabaharia watatu shilingi 1,800, na ushuru pamoja na wachukuzi shilingi 700. Jumla shilingi 6,500. Faida ni shilingi 2,500. Mwenye mashua hufurahi.

Lakini safari ya pili apata magunia 45 tu. Mapato ni shilingi 6,750. Petroli haikupungua kwa kuwa mzigo umepungua, wala mabaharia hawakupungua. Faida ni shilingi 250. Safari ya tatu mzigo unamwambia ngoja, na mashua yakaa gatini siku mbili huku mabaharia wakilipwa shilingi 1,800 kila siku. Hata ikijaa magunia 60, shilingi 2,500 za faida zimeliwa na shilingi 3,600 za kungoja, na hasara ni shilingi 1,100.

Hesabu hii yafunza mambo matatu. Kwanza, faida ya chombo haiko katika mzigo wote. Iko katika magunia machache ya mwisho. Pili, mzigo wa kurudi ni thamani kubwa kuliko uonekanavyo: magunia 20 tu ya kurudi yangeleta shilingi 3,000 juu ya petroli iliyokwisha lipiwa. Tatu, chombo kilichosimama kinakula. Ndiyo maana katika bandari zote kubwa za ulimwengu mwenye mzigo anayekawiza meli hutozwa fidia kwa kila siku, na siku za kupakia huandikwa katika mapatano kabla ya nanga kung'olewa. Mwenye mashua wa Kendu Bay naye aweza kupatana vivyo hivyo: mzigo uwe gatini siku fulani na saa fulani, na atakayechelewa alipe.

Tena hesabu hiyo haina fungu la matengenezo. Mbao huoza, misumari hulegea, mashua hutaka kalafati, na injini huchakaa kila saa inapofanya kazi. Asiyetenga kitu kila safari hudhani anakula faida, kumbe anakula mashua. Bandu bandu huisha gogo.

UZITO UNAOZIDI

Kwa kuwa faida iko katika magunia ya mwisho, kishawishi cha kuongeza gunia jingine, na jingine tena, ni kikubwa. Hapo ndipo biashara hugeuka kuwa msiba.

Huko Uingereza katika karne ya 19 meli nyingi zilizama kwa kupakiwa kupita kiasi, na wenye meli hawakujali sana kwa kuwa bima iliwalipa; mabaharia hawakulipwa na mtu. Mbunge aitwaye Samuel Plimsoll alishindana na jambo hilo mpaka mwaka 1876 sheria ikaamuru kila meli ichorwe alama ubavuni kuonyesha mwisho wa kuzama kwake. Lakini sheria hiyo ilimwachia mwenye meli achague mwenyewe mahali pa kuichora, na alama ikawa haina nguvu mpaka mwaka 1890 sheria nyingine ilipoweka kipimo. Mtu akijipimia mwenyewe, kipimo hupanda.

Ziwa Viktoria limelipa kwa jambo hilo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Ilikuwa ya abiria 430. Waliokufa walihesabiwa kuwa zaidi ya 800. Abiria wa daraja la chini hawakuwa na orodha ya majina, hata jamaa nyingi zilikosa uthibitisho kwamba mtu wao alikuwamo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichofanywa kwa watu kama 100, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafa. Ilikuwa siku ya gulio, na kila mmoja alitaka kuwahi.

Hakuna nauli iwezayo kulipia siku kama hizo. Tena uzito si jambo la jumla tu. Mahali unapowekwa ni jambo kubwa. Mzigo mzito ukae chini, katikati, na ufungwe. Watu wasikae juu ya magunia, wala wasikimbilie upande mmoja kwa pamoja chombo kinapofika gatini. Katika ghuba hii upepo wa nchi kavu huvuma usiku na alfajiri, na upepo wa ziwa huanza mchana na kuongezeka alasiri. Katika ziwa wazi tufani nyingi za ngurumo hutokea usiku na mapema asubuhi. Nahodha ajuaye hayo huchagua saa. Mwenye mali asimlazimishe kuondoka saa mbaya kwa kuwa mnunuzi anapiga simu. Dalili ya mvua ni mawingu, na nahodha asemapo "ngojeni," neno lake ni sehemu ya mtaji.

HATI NA DAFTARI

Magomvi mengi ya magatini hayatokani na maji, bali yatokana na maneno ya mdomo. Mtu apakia magunia 40 Kendu Bay. Mpokeaji wa Kisumu ahesabu 38. Nani aliyepoteza mawili? Kama hakuna karatasi, kila mmoja ataapa, na wote watatu watakuwa maadui.

Hati ya shehena hufanya kazi tatu. Ni stakabadhi ya kwamba nahodha amepokea vitu hivi, idadi hii, katika hali hii. Ni mapatano ya kuvichukua mpaka mahali fulani kwa nauli fulani. Na katika biashara kubwa ni alama ya umiliki. Aliye na hati ndiye apokeaye mali, hata akiwa ameinunua ikiwa bado baharini. Kwa mashua ndogo karatasi moja yenye nakala tatu yatosha: moja ya mpelekaji, moja ya nahodha, moja ya mpokeaji. Iandikwe idadi, uzito, hali ya magunia, nauli na nani ailipe. Gunia lililotatuka liandikwe kuwa limetatuka kabla halijaingia chomboni. Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

SHEHENA INAYOOZA

Samaki ni mzigo wa namna yake. Mahindi yakichelewa siku mbili, ni mahindi bado. Mbuta akichelewa siku mbili bila barafu, ni hasara. Omena iliyoanikwa vizuri hudumu, lakini ikinyeshewa chomboni huoza na kushuka bei. Kwa hiyo nauli ya mzigo uozao haina budi kupatanwa pamoja na swali hili: injini ikiharibika katikati ya ghuba, hasara ni ya nani? Mwenye chombo atakaye kuchukua samaki awe na turubai, sanduku la barafu, na injini ya akiba au rafiki wa kumvuta.

Tena soko lenyewe laweza kufungwa ghafula. Mwaka 1998 nchi za Ulaya zilikataza samaki wabichi wa Afrika Mashariki kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 zikawakataza tena samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Wavuvi walikuwa wanavua, mashua zilikuwa nzima, maji yalikuwa matulivu. Lakini viwanda vilikosa pa kuuza, na bei ukingoni ikaanguka. Sumu ilitiwa na watu wachache, na hasara ikawapata watu wote. Jina jema la bandari ni mali ya wote, na mmoja aweza kuliharibu.

KUGAWANA HATARI

Kwa kuwa hatari haziwezi kuondolewa zote, watu wa bahari tangu zamani wamejifunza kuzigawana. Desturi moja ya kale sana, iliyohusishwa na kisiwa cha Rhodes na kuingizwa katika sheria ya Warumi, husema hivi: mzigo ukitupwa majini ili kuokoa chombo na mizigo mingine, hasara si ya mwenye mzigo ule peke yake, bali ya wote waliookolewa. Chukua mfano: chombo chenye thamani ya shilingi 300,000 kimechukua mizigo ya wafanyi biashara watatu, kila mmoja shilingi 100,000. Jumla ni shilingi 600,000. Tufani ikaja, na mzigo wa mmoja wao wenye thamani ya shilingi 60,000 ukatupwa. Hasara ni sehemu ya kumi ya mali yote. Basi mwenye chombo atoa shilingi 30,000, wale wawili watoa shilingi 10,000 kila mmoja, na aliyetupiwa mali apokea shilingi 50,000, naye abaki na hasara ya shilingi 10,000 kama wenzake. Desturi hiyo yatumika mpaka leo katika meli zote kubwa, na watu wa gati moja waweza kupatana nayo kwa maandishi.

Bima nayo ni kugawana hatari. Katika London, mwisho wa karne ya 17, wenye fedha walikutana katika mkahawa wa Edward Lloyd, kila mmoja akatia sahihi kwa fungu la hatari ya meli fulani, hata meli ikizama pasiwepo mtu mmoja aliyefilisika. Mtu wa Kendu Bay akichukua bima aisome hati yake vema: je, yalinda chombo tu, au na mzigo? Je, italipa kama chombo kilizidishwa uzito, au hakikuandikishwa wala kukaguliwa? Nchini Kenya kazi ya kuandikisha na kukagua vyombo ni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Chombo kisichokaguliwa ni hatari kwa watu, na tena humpa mwenye bima sababu ya kukataa kulipa.

Na mabaharia? Katika majahazi ya Arabuni yaliyokuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, mabaharia walizoea kupewa sehemu ya mapato mahali pa mshahara, na wavuvi wengi wa ziwa hili hufanya vivyo hivyo. Desturi hiyo hupunguza mzigo wa mwenye chombo siku za hasara, nayo huwafanya mabaharia kulinda mali. Lakini hutaka daftari wazi, kwa kuwa mgawo usioonekana huzaa wivu.

MWENYE MALI AKIFA

Hatari ya mwisho haisemwi sana. Alidina Visram, aliyezaliwa Kutch katika Bara Hindi mwaka 1851, alianza kazi Bagamoyo akiwa kijana, akafungua maduka kufuata reli mpaka Kisumu na Uganda, akawa na majahazi yake katika Ziwa Viktoria. Hakuna jina la mfanyi biashara lililojulikana zaidi katika nchi hizi. Alikufa mwaka 1916, na katika miaka ya 1920 nyumba yake ya biashara ikaanguka. Maduka yalikuwa mengi, na mawakala wengi, lakini fundo lililowaunganisha lilikuwa yeye mwenyewe. Ikiwa mali kubwa namna hiyo haikudumu, mashua moja itadumuje kama ni mtu mmoja tu ajuaye nani anadaiwa, injini ilinunuliwa wapi, na hati iko wapi? Mwenye chombo amfundishe mke wake, au mwanawe, au mshirika wake, na jina la kila mshirika na fungu lake liandikwe. Tena mkuu wa safari awe mmoja, kwa kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama.

YA KUKUMBUKA

Usinunue chombo kabla ya kuujua mzigo wa kwenda na wa kurudi. Usitie fedha zako zote katika chombo kimoja, wala katika bandari moja. Tazama barabara, maji na soko kila mwaka, kwa kuwa vyote hubadilika. Tenga fedha za matengenezo kabla ya kuhesabu faida. Andika kila gunia na kila abiria. Chora alama ya uzito ubavuni, na mtu mwingine aipime. Patana juu ya hasara kabla haijatokea.

Mwaka 2019 meli ya MV Uhuru, ichukuayo mabehewa ya reli, ilirudi kazini Kisumu baada ya kukaa miaka mingi bila kazi, na watu wengi wakaanza kusema tena habari za biashara ya ziwa. Matumaini hayo ni mema. Kazi ikirudi kweli katika magati madogo kama Kendu Bay, itawafaa zaidi wale walioikalia tayari kwa hesabu na hati kuliko wale watakaoikimbilia kwa pupa. Biashara ya maji haimkatazi mtu kutajirika; humtaka tu ajue kwamba nauli iliyopokelewa leo ina deni la kesho ndani yake, na mwenye busara hulitoa deni hilo kwanza, kisha hula kilichobaki.